Redio na Umma: Kwa Nini Usiku Husikika Zaidi?

Chombo cha habari ni cha umma pale tu umma unapokisikia. Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na wakoloni mwaka 1951, ilisikika mjini na kandokando yake tu. Mwaka 1965 Serikali ilivunja shirika lililorithi kituo hicho, ikaunda Redio Tanzania Dar es Salaam. Lakini kubadili umilikaji hakukubadili maumbile ya mawimbi.

Mawimbi ya masafa ya kati hutambaa juu ya nchi, na ardhi kavu huyadhoofisha upesi kuliko bahari. Yale yanayopanda angani mchana humezwa na tabaka la chini lililotiwa umeme na jua. Jua likituwa, tabaka hilo hutoweka. Mawimbi huakisiwa na tabaka la juu zaidi, yakatua mamia ya kilomita mbali. Ndipo pia vituo vya mbali huingiliana.

Kwa hiyo kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, haikutegemea redio peke yake: vikundi vya kusikiliza vilikuwa na viongozi waliofundishwa na vitabu vya kusoma. Sisi makada tujifunze hapo. Mwananchi ambaye hakusikia tusimhesabu kuwa amekataa, kwanza tumfikie.