'Nakubali' ya barua pepe yaweza kukubana Marekani

Wafanyabiashara wetu wanaoagiza mitumba, vipuri na mashine zilizotumika kutoka Marekani siku hizi hawasafiri kwenda kutia saini. Profoma huja kwa barua pepe, jibu huandikwa kwa simu ya mkononi mtu akiwa kwenye foleni ya magari, na fedha hupitia benki. Wawekezaji wadogo nao hufungua akaunti kwa mawakala wa hisa wa huko kwa kubonyeza kisanduku kilichoandikwa "Nakubali". Wachache hujiuliza ni lipi kati ya mambo hayo ambalo mahakama ya Marekani italihesabu kuwa saini.

Jibu fupi ni kwamba karibu lolote laweza kuhesabiwa, mradi aliyelitenda alikusudia kutia saini. Jibu refu ndilo lenye fedha ndani yake.

Tuanze na asili ya sheria yenyewe. Mikataba ya biashara Marekani husimamiwa zaidi na majimbo kuliko serikali kuu, na majimbo ni 50. Ili mfanyabiashara asikute sheria 50 zinazopingana, ipo Tume ya Sheria za Pamoja, iliyoundwa mwaka 1892, ambayo huandika sheria za mfano na kuyashawishi mabunge ya majimbo yazipitishe. Julai 1999 tume hiyo iliidhinisha Sheria ya Pamoja ya Miamala ya Kielektroniki, inayojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, UETA. California iliichukua mwaka huo huo, ikiwa na marekebisho yake. Washington ilingoja hadi 2020 na Illinois hadi 2021. Leo majimbo 49 yanaitumia. Ni New York pekee iliyobaki na sheria yake ya 1999, ambayo kwa saini za kawaida za biashara hufika karibu mahali pale pale.

Juu ya hizo ipo sheria ya serikali kuu ya mwaka 2000. Rais Bill Clinton aliisaini mjini Philadelphia tarehe 30 Juni kwa kalamu ya wino, na pia kwa kadi ya kompyuta ili watu waone. Neno la siri la kadi hiyo lilikuwa Buddy, jina la mbwa wake. (Neno la siri linalofika magazetini si la siri tena, lakini hayo tuyaache.) Sheria hiyo huliachia nafasi jimbo lililopitisha UETA kama ilivyoandikwa, kwa hiyo sheria ya kusoma kwanza ni ya jimbo lililotajwa katika mkataba wako.

Utah ilikuwa imejaribu njia nyingine mwaka 1995. Sheria yake ilitaja aina moja maalum ya teknolojia, ya saini zinazolindwa kwa funguo mbili za hesabu na vyeti vya kuzithibitisha. Soko halikuifuata, na mwaka 2006 sheria hiyo ilifutwa. Waandishi wa UETA waliukwepa mtego huo kwa kutotaja teknolojia yoyote. Kwa mujibu wa tafsiri yao, saini ya kielektroniki ni sauti, alama au utaratibu wowote wa kielektroniki ulioambatana na kumbukumbu, ambao mtu ameutumia kwa nia ya kuisaini kumbukumbu hiyo. Jina lililochapwa laweza kutosha. Kubonyeza kitufe kwaweza kutosha. Hata sauti iliyorekodiwa.

Hapa ndipo wengi wanapoielewa sheria vibaya. Wauzaji wa programu za kutia saini hupenda kusema kwamba sheria "imehalalisha" saini ya kompyuta, kana kwamba mkataba uliosainiwa hivyo sasa umekingwa. La hasha. Sheria inasema tu kwamba mkataba, kumbukumbu au saini haitakataliwa kwa sababu pekee kwamba ni ya kielektroniki. Ulaghai, bei isiyoeleweka na wakala asiye na mamlaka vinabaki na ubovu wake ule ule wa kwenye karatasi. Aidha, UETA haimlazimishi mtu kufanya biashara kwa kompyuta. Hutumika pale tu pande zote mbili zilipokubaliana kutumia njia hiyo, na makubaliano hayo si lazima yaandikwe. Mahakama huyasoma kutokana na mazingira na mwenendo wa wahusika. Ukijadili bei kwa barua pepe wiki tatu, itakuwia vigumu kudai kwamba hukuikubali njia hiyo. Hata hivyo, aliyekubali kwa mkataba mmoja anaweza kukataa kwa mkataba unaofuata, na haki hiyo haiwezi kuondolewa kwa makubaliano.

Neno zito ni nia, na mahakama zimelipima kwa mizani tofauti.

Chukua Texas. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Fort Worth ilipewa barua pepe ya wakili kuhusu masharti ya kumaliza kesi. Chini yake kulikuwa na jina lake, kama lile ambalo kompyuta hulibandika yenyewe kwenye kila barua. Mahakama ilikataa kuliita saini, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba aliliandika mwenyewe au alikusudia liwe saini. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya Houston, katika jimbo hilo hilo, ilipata kesi ya mwekezaji aliyetaka kurudishiwa fedha alizoweka katika kampuni. Baada ya mazungumzo, mwekezaji alimwandikia mkuu wa kampuni muhtasari wa walichopatana kuhusu kulipwa. Yule mkuu akajibu kwamba wamekubaliana, basi. Hakuandika jina lake chini. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa mwekezaji ushindi, jaji akautengua kwa hoja kwamba hakuna saini, na mahakama ya rufaa ikaurudisha: jina la mtumaji lililoonekana juu ya barua, kwenye mstari wa "kutoka kwa", lilitosha kuwa saini.

California nako, mwaka 2014, mtu aliyeshtakiwa na wawekezaji wake alijibu pendekezo lao la suluhu kwa kuandika kwamba anakubali, na safari hii aliweka jina lake mwishoni kwa vidole vyake mwenyewe. Baadaye aliletewa hati kamili aisaini kwa kompyuta, naye hakuisaini. Wawekezaji wakaomba suluhu itekelezwe kwa njia ya mkato, ambayo huhitaji maandishi yenye saini. Mahakama ya rufaa ilikataa. Jina lililochapwa, ilisema, halitoshi bila ushahidi kwamba mwenye jina alikusudia kuisaini hati hiyo kwa njia ya kielektroniki.

Kwa hiyo mmoja hakuandika jina akabanwa, mwingine aliandika akaponyoka. Mwandishi wa safu hii anaona Fort Worth iko karibu zaidi na akili ya kawaida, kwa sababu mtu hawezi kuzuia simu yake kuweka jina juu ya barua. Lakini fedha hazipangwi kwa kutumaini jaji mpole. Anayejibu barua pepe ya mnunuzi au muuzaji wa Marekani ajione yuko Houston.

Kuna kifungu kingine kinachopaswa kumkosesha usingizi mwagizaji. UETA inasema barua ya kielektroniki imepokelewa pale inapoingia katika mtambo ambao mpokeaji ameuteua au huutumia kwa barua za aina hiyo, na anaweza kuitoa humo. Inahesabiwa imepokelewa hata kama hakuna binadamu anayejua kuwa imefika. Sasa iweke kando ya Kanuni ya Pamoja ya Biashara, ambayo sehemu yake ya mauzo ya bidhaa inafuatwa na majimbo yote isipokuwa Louisiana. Kanuni hiyo hudai maandishi yenye saini kwa mauzo ya bidhaa za dola 500 au zaidi. Lakini kati ya wafanyabiashara upo mlango wa pembeni: upande mmoja ukituma uthibitisho wa maandishi wa mapatano ndani ya muda wa kufaa, na mpokeaji ana sababu ya kujua yaliyomo, mpokeaji hufungwa kana kwamba amesaini mwenyewe, isipokuwa akipinga kwa maandishi ndani ya siku 10 tangu kuupokea.

Tuseme mwagizaji wa Kariakoo amezungumza kwa simu na muuzaji wa Houston kuhusu mabelo 200 ya mitumba, na mkataba wao wa awali unasema sheria ya Texas ndiyo itakayotumika. Muuzaji anatuma barua pepe: "Nathibitisha mabelo 200 kwa bei tuliyopatana." Mwagizaji yuko msibani Moshi, hafungui barua kwa wiki mbili. Akirudi, anakuta siku za kupinga zimekwisha. Hii haina maana kwamba tayari ameshindwa, kwani muuzaji bado anapaswa kuthibitisha kwamba mapatano yalikuwepo kweli. Lakini ngao ya kusema "sikusaini kitu" imemtoka mkononi. Mwenye duka asiye na karani wa kufungua barua zake anapokuwa safarini anacheza na mtaji. (Mwenzetu wa Kampala ana jambo la ziada. Uganda iliingia mwaka 1992 katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya bidhaa kimataifa, ambao Marekani imo, na mkataba huo haudai maandishi wala saini pande zisipouweka kando.)

Upande wa pili wa shilingi ni kuthibitisha. Ikiwa wewe ndiye unayedai, saini ya kompyuta ni mali yako tu kama unaweza kuonyesha ni tendo la nani. UETA inaruhusu jambo hilo lithibitishwe kwa njia yoyote, ikiwamo kuonyesha jinsi utaratibu wa usalama ulivyofanya kazi. Mwaka 2014 kampuni moja ya kuuza magari California ilishindwa hapo hapo. Ilileta hati yenye jina la mfanyakazi, tarehe na saa, na meneja akaapa kwamba mfanyakazi huyo aliisaini. Mfanyakazi alisema hakumbuki. Meneja hakueleza alijuaje: nani aliweza kuingia kwenye mtambo, kwa neno gani la siri, na kwa nini mtu mwingine asingeweza kuliweka jina lile. Mahakama ilisema kazi ya kuthibitisha haikuwa kubwa, ila kampuni haikuifanya.

Kwa mfanyabiashara mdogo maana yake ni kuhifadhi barua pepe nzima kama ilivyofika, pamoja na mnyororo wa majibu na anuani za watumaji. Picha ya skrini peke yake ni ushahidi dhaifu. Programu ya kutia saini hutoa pia cheti kinachoonyesha nani alifungua hati na saa ngapi. Kipakue siku hiyo hiyo, usingoje kampuni ya programu ifunge akaunti yako. Sheria inadai kumbukumbu iliyohifadhiwa ibaki sahihi na iweze kufunguliwa baadaye. Tena, pale sheria inapotaka upewe taarifa kwa maandishi, mtumaji aliyeifunga hati isiweze kuchapishwa wala kuhifadhiwa huhesabiwa hajakupa kitu.

Kinga bora ya kutobanwa kabla ya wakati imeonyeshwa na Mahakama Kuu ya Texas mwaka 2020. Kampuni za mafuta zilijadiliana kwa barua pepe uuzaji wa mali ya thamani ya mamilioni ya dola, hadi mnunuzi akaamini biashara imekwisha. Wauzaji wakampa mtu mwingine. Kilichowaokoa ni kifungu kilichowekwa mwanzoni, katika mkataba wa kutunza siri: kwamba hakuna upande utakaobanwa mpaka mkataba kamili usainiwe na kukabidhiwa. Mahakama ilisema mlolongo wa barua pepe haukuwa mkataba huo. Kifungu cha sentensi moja hakigharimu kitu kukiweka katika barua ya kwanza unayomwandikia muuzaji, na tunashauri kiwekwe kabla bei haijatajwa.

Kosa la kidole nalo lina nafuu yake, ingawa finyu. Binadamu anayenunua kutoka kwenye mtambo unaojiendesha, akabonyeza 100 badala ya 10, anaweza kujinasua kama mtambo haukumpa nafasi ya kuzuia au kusahihisha kosa. Lakini lazima atoe taarifa mara moja, arudishe alichopokea, na asiwe amenufaika nacho. Ndiyo sababu maduka makini hukuuliza "Una uhakika?" kabla ya kulipa. Ukishajibu ndiyo, nafuu hiyo imekwisha.

Kuna pia yaliyoachwa nje. Wosia haumo. L/C za benki, hundi na usajili wa dhamana za mikopo vina sehemu zao katika Kanuni ya Biashara na UETA haivigusi. Hati ya shehena ya kielektroniki inakubalika mahali ambapo kuna mtambo unaoonyesha pasipo shaka nani pekee anaimiliki. Bila mtambo huo, PDF ya hati ya shehena ni nakala tu, na mzigo hautolewi kwa nakala. Kwa wenye hisa, habari ni kali zaidi kuliko ya barua pepe: Kanuni ya Biashara, kwa marekebisho ya 1994, haidai maandishi wala saini kwa mkataba wa kununua au kuuza hisa. Agizo la mdomo kwa wakala wako, kwa simu, latosha.