Ukali si Ladha

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shuleni methali hii hufundishwa kama onyo kwa wapenda sifa, lakini ina jambo jingine ambalo walimu aghalabu hulipita: kwamba palikuwapo wanywaji waliolijua tembo, waliolisifu likiwa zuri na kulitambua mara lilipotiwa maji. Pasipo mwonjaji mwenye ulimi, methali yenyewe haina mashiko.

Katika soko la Gakoromone mjini Meru, msomaji akipita penye magunia ya mtama, wimbi na njahi, huenda akaona vipande vyepesi vya rangi ya kahawia, vyenye nyuzinyuzi mithili ya sifongo kuukuu. Hiyo ni muratina, tunda la mti ambao Kiswahili huuita mwegea na wataalamu wa mimea huuita Kigelia africana. Likiwa bichi haliliwi. Hukatwa na kuanikwa hadi likauke, kisha hulowekwa katika maji ya miwa au ya asali, mahali penye joto la meko. Chachu hukaa katika nyuzi zile. Na pombe ikiisha kunywewa, vipande huanikwa tena na kuwekwa akiba. Pombe ya leo humzaa nduguye wa kesho. Asali ndiyo iliyokuwa malighafi bora. Ndiyo maana Wakamba, majirani zetu, huita pombe uki, neno lenye shina moja na nyuki wa Kiswahili.

Tukiteremka kuelekea Tharaka na Mbeere, twakuta marua. Huko nafaka huloweshwa, ikaachwa iote, ikakaushwa na kusagwa kuwa kimea, kisha ikatiwa katika uji uliopoa. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Mpishi asiyejua kungoja huharibu yote mawili.

Ng'ambo, kazi kama hii imekuwa uraibu wa watu wa mijini. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa mwenye kujitengenezea bia nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikafuata kwa sheria iliyotiwa sahihi na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Mtu hununua boksi lenye urojo wa kimea mzito kama asali, chachu kavu ya paketi na hopi, akapikia jikoni mwake, kisha akaipeleka bia yake kwa waamuzi. Wale waliofunzwa chini ya mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 hutoa alama 50: ladha 20, harufu 12, sura 3, namna kinywaji kinavyokaa kinywani 5, na 10 zilizosalia ni za maoni ya jumla. Hakuna alama hata moja ya wepesi wa kulewesha.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kupimia kinywaji. Tuna utamu wa togwa ambayo haijachacha, tuna uchachu, tuna ugwadu, tuna uchungu, tuna ukakasi unaokaza ulimi. Maneno hayo yote yamemezwa na neno moja: kali. Neno hili lina kazi nyingi. Jua ni kali, kisu ni kikali, mbwa ni mkali. Lakini katika vilabu vya vichochoroni limebaki na maana moja tu, kwamba kinywaji kinaangusha haraka kwa shilingi chache. Mteja akiingia haulizi kama pombe imeiva. Huuliza iliyo kali.

Na muuzaji humpa alichoomba. Mgema wa siku hizi hatii maji. Hutia methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho, na mara nyingi kuua. Mwezi Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao katika mtaa wa Mukuru. Mwezi Mei mwaka 2014 msiba ukafika Embu na kaunti nyingine, makumi wakafa na wengine wakapofuka. Marua na muratina zilizochachushwa ipasavyo hazina methanoli ila chembe zisizo na madhara. Sumu hiyo hutiwa na mkono wa mtu.

Ilhali sisi wenye kalamu twaziita zote pombe haramu, na wanaozitengeneza twawaita wagema, hata kama hawajapata kupanda mnazi maishani. Polisi wakifanya msako, muratina ya asali na mchanganyiko wa kemikali humwagwa katika mtaro mmoja. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 ilifuta ile ya 1980 iliyokuwa imeharamisha chang'aa, ikamtaka mtengenezaji awe na leseni na afikie viwango. Lakini mama mwenye mtungi mmoja wa marua hana uwezo wa kujenga kiwanda, basi hubaki mafichoni pamoja na muuza sumu.

Watanijibu viongozi wa dini kwamba ulevi umebomoa nyumba nyingi katika nchi hii, nami siwapingi. Watanijibu wanakemia kwamba ulimi hauwezi kuitambua methanoli. Ni kweli, na kwa hiyo maabara haiepukiki. Hata hivyo, anayetafuta ladha hunywa polepole, naye si mteja wa muuza kali.

Meru ina maonyesho yake ya kilimo, ambako ng'ombe na mazao ya shamba hushindanishwa. Iwekwe meza moja ya muratina na nyingine ya marua, sampuli zikiwa zimepimwa kwanza na Shirika la Viwango, na ladha ipewe alama 20 kati ya 50 kama wafanyavyo wengine. Mwamuzi wa kwanza, kwa maoni yangu, awe mwanamke wa Mbeere aliyepika marua kwa miaka arobaini. Wa pili anaweza kuwa mkemia.