Alama iliyokosewa kwenye ramani hupeleka mteja kwa jirani

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa jijini Dar es Salaam wanaolalamika kuwa wateja hupiga simu, huulizia bei, huahidi kuja kisha hawaonekani, wangefanya vema kukagua kwanza kama maduka yao yapo mahali pake kwenye ramani za mtandaoni.

Mteja anayetoka Morogoro au Mtwara kufuata mzigo Kariakoo mara nyingi huandika jina la duka kwenye simu yake na kufuata mstari unaoonyeshwa. Dereva wa bodaboda anayepeleka mzigo hufanya hivyohivyo. Alama ya duka ikiwa imewekwa mtaa wa pili, mteja hujikuta amesimama mbele ya duka la mtu mwingine lenye bidhaa zilezile. Akishachoka na jua, hununua hapohapo.

Hasara yake inahesabika. Tuchukue mfano wa duka linalopoteza wateja watatu kwa siku kwa sababu hiyo, na kila mteja angeacha faida ya Sh. 2,000. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni Sh. 156,000 kwa mwezi, au Sh. 1,872,000 kwa mwaka. Kwa mfanyabiashara mdogo fedha hizo ni mtaji, na kurekebisha alama hakulipiwi hata senti moja.

Makosa yanatoka wapi

Wengi hulaumu satelaiti, lakini lawama hizo mara nyingi si za haki. Ni kweli kwamba hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia. Tangu hapo, simu ya kawaida iliyo mahali pa wazi hukosea kwa takriban mita tano tu. Katikati ya maghorofa, kama ilivyo Kariakoo, mawimbi hugonga kuta na kurudi, hivyo kosa huongezeka. Hata hivyo, duka lililosogezwa nusu kilomita limesogezwa na binadamu.

Kosa la kwanza ni la tarakimu. Mahali kwenye ramani hutambuliwa kwa namba mbili, latitudo na longitudo. Katikati ya Dar es Salaam ni karibu na -6.8 na 39.28. Anayesahau alama ya kutoa mbele ya 6.8 huipeleka biashara yake kusini mwa Ethiopia. Anayegeuza namba hizo, ya pili ikawa ya kwanza, huipeleka magharibi mwa Hispania. Anayeacha sifuri mbili huiweka baharini, katika Ghuba ya Guinea. Aidha, namba iliyokatwa ikabaki na tarakimu tatu baada ya nukta inaweza kupotoka kwa makumi ya mita, umbali unaotosha kuvuka mtaa mzima. Tarakimu tano huonyesha mahali kwa usahihi wa takriban mita moja.

Kosa la pili ni la uvivu. Aliyesajili duka akiwa nyumbani huweka alama pale alipokaa, au katikati ya kata, akinuia kuisogeza baadaye. Baadaye hiyo haifiki.

La tatu ni la kuhama, nalo ndilo lililo kubwa zaidi katika jiji hili. Mwaka 2021 peke yake ulitosha kuivuruga ramani. Mwezi Februari kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihama Ubungo kwenda Mbezi Luis, na ofisi za tiketi na mama lishe wakafuata abiria. Usiku wa Julai 10 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara wake wakatafutiwa sehemu nyingine. Kufikia Oktoba, wamachinga waliondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Watu walihama kwa siku chache; alama zao hazikuhama nao.

Wanaorekebisha bila malipo

Sehemu kubwa ya marekebisho hufanywa na watu wa kujitolea. Kwenye Google Maps, iliyoanza mwaka 2005, mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kupendekeza kuwa alama isogezwe, jina lirekebishwe au biashara iandikwe kuwa imefungwa. Pendekezo hupitiwa kabla ya kukubaliwa, na linaweza kukataliwa. Wanaoshiriki katika mpango wa kampuni hiyo hupata pointi, si mshahara.

Ramani ya pili ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Hii huchorwa na watumiaji wenyewe. Badiliko huingia papo hapo, lakini historia yote huhifadhiwa, na kosa linaweza kufutwa na mchoraji mwingine. Dar es Salaam ina rekodi nzuri hapa. Mtaa wa Tandale ulichorwa mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakishiriki. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi na wakazi walichora nyumba, barabara na mifereji kwa ajili ya kupambana na mafuriko. Taarifa hizo ni huru, na programu nyingine za simu huzitumia. Kwa hiyo, duka lililowekwa vibaya humo huonekana vibaya pia kwenye programu ambazo mwenye duka hajawahi kuzisikia.

Kazi yenyewe inataka miguu kuliko ufundi. Mrekebishaji makini hufika mahali, husoma bango, huuliza ghorofa na namba ya chumba, na hupiga picha ya upande wa barabarani baada ya kuomba ruhusa. Namba za nyumba na majina ya mitaa yaliyowekwa katika operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 zimerahisisha kazi hiyo, kwani "nyuma ya msikiti, ulizia kwa fundi cherehani" haiingii kwenye kompyuta. Kanuni moja haivunjwi: hairuhusiwi kunakili kutoka Google Maps kwenda OpenStreetMap. Kinachoandikwa huko kitoke kwenye macho ya mwandikaji mwenyewe au kwenye chanzo kilichoruhusiwa.

Tahadhari kwa wenye maduka

Mlango ulio wazi kwa mwema uko wazi pia kwa mwenye hila. Mshindani anaweza kupendekeza kuwa duka lako limefungwa, au alama yako isogezwe. Kinga ya kwanza ni kuthibitisha umiliki wa wasifu wa biashara yako. Uthibitisho mara nyingi hufanywa kwa video inayoonyesha mtaa, bango na mali ya ndani. Huduma hiyo haina ada. Anayekuja dukani akidai fedha ili "akuingize kwenye Google" anauza kinachotolewa bure, na anayeomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako anataka kuumiliki wasifu wako.

Anayehama asifungue wasifu mpya. Abadili anwani ya ule wa zamani, la sivyo maoni mazuri ya wateja yatabaki kwenye duka lisilokuwepo, huku alama mbili zikimchanganya mnunuzi.

Wawekezaji wadogo nao wanahusika. Baadhi yao huchagua eneo la kufungua tawi kwa kuhesabu alama za maduka kwenye simu. Njia hiyo ina mitego miwili. Ghorofa moja la Kariakoo linaweza kuwa na makumi ya maduka yanayoonekana kama alama chache zilizorundikana. Kwa upande mwingine, mtaa unaoonekana kujaa washindani unaweza kuwa umejaa alama za waliokwisha kuhama. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, tembea mtaa huo asubuhi na jioni ukihesabu milango iliyo wazi.

Ukaguzi wenyewe unachukua chini ya robo saa. Tafuta jina la duka lako kwenye ramani zote mbili ukitumia simu ya mtu mwingine, kwa kuwa simu yako inakufahamu. Mpe simu hiyo kijana asiyelijua duka, mtume stendi, kisha mwache aifuate ramani hadi mwisho. Akitokea mlangoni kwako, alama iko sawa. Akikupigia kutoka mtaa mwingine, muulize amesimama mbele ya duka la nani. Huyo ndiye anayewauzia wateja wako.