Lafudhi Mbele ya Hakimu

Mtu wa Kikwajuni, Unguja, akimsikia mgeni akihesabu "moya, mbili, chachu", hana haja ya kumuuliza kwao. Huyo si wa Unguja, katoka kaskazini, ni Mbajuni. Sikio la namna hiyo ndilo serikali ya Uingereza ililotaka kulinunua, ili iwapime waomba hifadhi waliosema kwao ni Koyama au Chula, visiwa vya kusini mwa Somalia.

Rais wa Somalia, Siad Barre, alipoangushwa Januari 1991, wanamgambo waliwavamia Wabajuni, wengi wakakimbilia Mombasa kwa vyombo vya baharini. Baadhi yao wakafika Ulaya bila pasipoti wala cheti cha kuzaliwa. Maofisa wakashuku kwamba Waswahili wa Kenya na Tanzania nao wanajiita Wabajuni. Katika kesi za hifadhi, kwa kawaida huangaliwa kama maelezo ya mwombaji yanashikana, na kama yanaafikiana na yanayojulikana kuhusu nchi yake. Asiye na karatasi hubaki na kinywa chake tu.

Ikaajiriwa kampuni ya Sweden, Sprakab. Mwombaji alihojiwa kwa simu, mchambuzi asiyetajwa jina akasikiliza, kisha ripoti ikatoka ikisema huyu ni wa huko au si wa huko. Mwaka 2010 baraza la rufaa la Uingereza likaamua ripoti hizo zipewe uzito mkubwa.

Uamuzi huo ulikuwa wa hatari. Lugha huonyesha mtu kakulia wapi na kina nani, haionyeshi uraia. Wanaisimu 19 walishalionya hilo katika mwongozo wao wa 2004. Chukua mtoto wa Kibajuni aliyelelewa kambi ya Jomvu, Mombasa, akacheza na kusoma na watoto wa mjini. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kitamkaa ulimini, na hajadanganya. Tena mbele ya mkalimani asiyemjua, Mswahili gani asingejitahidi kusema Kiswahili cha redioni?

Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya MN na KY waliodai kutoka Somalia, ilikataa ripoti hizo zipewe uzito mkubwa kwa ujumla. Kila moja ipimwe kama ushahidi mwingine wa wataalamu: mchambuzi ana ujuzi gani, na hoja zake zimesimama juu ya nini. Tena asivuke mipaka akaanza kuhukumu kama mwombaji anaijua nchi yake. Kwa Mbajuni, basi, kabla ya lafudhi yake kuhukumiwa, ni haki aulizwe kwanza ameishi wapi, mwaka baada ya mwaka, tangu atoke kisiwani.