Simu Inalipa, Pasipoti Inakwama

Saa moja asubuhi katika vichochoro vya Xiaobei, mjini Guangzhou, foleni ya maandazi ya mvuke haisimami. Mteja anaelekeza kamera ya simu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri. Kisanduku kidogo kando ya jiko kinatamka kwa Kichina kwamba yuan 3 zimeingia, na muuzaji, ambaye hata kichwa hakuinua, anasukuma mfuko wa moto mbele. Karatasi zenyewe ni mbili, ya kijani ya WeChat na ya buluu ya Alipay, zote zimepata madoa ya mafuta. Mgeni akitoa noti ya yuan 100 hapo, foleni yote inamgeukia. Muuzaji atainama, atafungua droo, atapekua. Chenji hana.

Xiaobei si mtaa mgeni kwa wanaozungumza Kiswahili. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wamekuwa wakipita hapo kwa miaka mingi kutafuta mzigo, na vyuo vya China vina wanafunzi wetu wa kutosha. Wengi wao hutua wakiwa na imani kwamba mambo ya kulipa kwa simu hawana la kufundishwa, na wana haki. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Alipay ilikuwepo tangu 2004, lakini wakati huo kazi yake ilikuwa kushikilia fedha za mnunuzi wa mtandaoni mpaka mzigo umfikie. Malipo ya WeChat yalikuja 2013. Mtu aliyekwisha kulipia mkaa na ada ya shule kwa simu hashangai kuona karatasi ukutani. Kinachomshangaza huja baadaye, pale anapojaribu kuingizwa kwenye mfumo wenyewe. Hapo hugundua kwamba kuhamisha fedha ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuufanya mtambo uamini kuwa wewe ni wewe.

Tuanze na nyepesi. Mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe ulio kwenye karatasi hizo, yaani msimbo wa QR, ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave, kampuni ya kundi la Toyota, na haukukusudiwa fedha hata kidogo. Viwandani, msimbo wa mistari, ule tunaouona kwenye paketi ya sabuni, ulikuwa unabeba herufi 20 hivi tu, kwa hiyo boksi moja la vipuri lilihitaji kubandikwa misimbo kadhaa na mfanyakazi kuipitia mmoja mmoja siku nzima. Hara aliyekuwa akicheza mchezo wa Go, wenye vijiwe vyeusi na vyeupe juu ya ubao wa miraba, akaona kwamba taarifa zinaweza kupangwa kwa mapana na kwa marefu. Mraba mmoja ukaweza kubeba hadi tarakimu 7,089.

Tatizo lilikuwa kasi: mashine itajuaje haraka ulipo mraba huo katikati ya maandishi mengine? Jibu ni yale macho matatu ya pembeni. Ukikata jicho kwa mstari ulionyooka kupitia katikati, vyeusi na vyeupe hupishana kwa uwiano wa 1:1:3:1:1. Timu ya Hara ilipekua magazeti, vipeperushi na maboksi kutafuta uwiano ambao karibu haupatikani kwenye machapisho ya kawaida, ikaupata huo. Kamera ikiona uwiano huo mara tatu, imeshajua pembe zilipo, hata simu ikiwa imeinama au karatasi imegeuzwa juu chini.

Na yale madoa ya mafuta? Ndani ya mraba mna hesabu iliyochapishwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Wazo lake linaeleweka kwa rula na penseli. Mstari ulionyooka hujulikana kwa nukta mbili tu. Nikikupa nukta nne za mstari huohuo na mbili zikafutika, bado utauchora bila kukosea. Msimbo wa QR huandika taarifa pamoja na nukta za ziada za aina hiyo, japo kwa milinganyo migumu zaidi, na katika kiwango chake cha juu unaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya eneo lake na bado ukasomeka. Denso Wave walikuwa na hataza lakini hawakumtoza mtu kwa kuutumia. Hilo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko hesabu yote. Muuza maandazi asingenunua mashine ya kadi, lakini karatasi iliyochapwa haina gharama ya kumtisha.

Karatasi ina udhaifu wake. Haibadiliki, na mtu anaweza kuja usiku akabandika yake juu yake. Wizi huo ulitokea China mara nyingi kiasi kwamba tangu Aprili 2018 benki kuu iliweka kikomo: kwa misimbo ya karatasi, mteja asilipe zaidi ya yuan 500 kwa siku kupitia huduma moja. Kisanduku kinachotamka nacho ni kinga, kwani kikinyamaza muuzaji anajua fedha zimekwenda kwingine, au mteja amemwonyesha picha ya malipo ya jana.

Kwenye maduka makubwa kazi hugeuzwa. Mteja ndiye anayeonyesha msimbo kwenye simu yake na mhudumu anausoma kwa mashine. Tazama tarakimu zilizo chini ya msimbo huo. Za WeChat ni 18 na huanza na namba kati ya 10 na 15; za Alipay huanza kati ya 25 na 30. Mashine ya duka ikiona tarakimu mbili za mwanzo imeshajua ombi lipelekwe kwa nani. Msimbo huu hauishi muda mrefu, hujibadilisha wenyewe baada ya muda mfupi, na unaweza kutokea hata simu ikiwa haina mtandao. Kanuni yake ni kwamba simu na kompyuta za kampuni zina siri moja ya pamoja. Kila upande huichanganya siri hiyo na saa ya wakati huo na kupata namba inayofanana. Kwa hiyo chini ya ardhi, kwenye duka lisilo na mawimbi, mnunuzi analipa kwa sababu mashine ya muuzaji ndiyo yenye mtandao.

Kwetu njia ni nyingine. Ukibonyeza *150*00# ya Vodacom Tanzania, ujumbe wako hupita kwenye njia ya ishara za mtandao wa simu, ileile inayotumika kuita na kupokea, bila kifurushi cha intaneti. Ndiyo maana kitochi kinalipa. China ilirukia simu janja moja kwa moja, na asiye nayo, awe bibi wa kijijini au mgeni ambaye simu yake imezima, yuko nje. Mjini kuna vibanda vya kukodi betri za kuchajia simu. Ili kukodi, unaskani kwa simu.

Sasa ile kazi nzito. Raia wa China ana namba ya kitambulisho yenye nafasi 18: 6 za eneo, 8 za tarehe ya kuzaliwa, 3 za mfuatano (za wanaume ni witiri, za wanawake shufwa), na ya mwisho ya ukaguzi. Ile ya mwisho haichaguliwi na mtu. Kila moja ya tarakimu 17 za mwanzo huzidishwa kwa uzito wake, majibu hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndilo linaloamua. Mabaki yanayowezekana ni 11 na tarakimu ni 10 tu, hivyo moja ya mabaki hupewa X. Ndiyo sababu baadhi ya Wachina wana herufi mwishoni mwa kitambulisho. Kwa kuwa 11 ni namba tasa, ukikosea tarakimu yoyote moja, au ukizipindua mbili zilizofuatana, hesabu inagoma papo hapo kabla hata ya kuuliza hifadhi ya serikali.

Ni kinga safi, na kwa miaka mingi imekuwa ukuta kwa mgeni. Programu nyingi za Kichina, za kukata tiketi ya makumbusho, kukodi baiskeli au kujiandikisha hospitali, ziliandikwa zikisubiri nafasi 18 zinazotii kanuni hiyo. Pasipoti huleta herufi na tarakimu chache. Kisanduku cha kujazia kinakuwa chekundu, na hakuna wa kumlalamikia kwa sababu hakuna aliyekukatalia. Ni hesabu tu. Serikali imeliona. Kadi mpya ya wageni wenye ukaaji wa kudumu, iliyoanza kutolewa Desemba 1, 2023, ina namba ya nafasi 18 inayoanza na 9, iliyotungwa kwa mpangilio unaofanana na wa raia. Wenye kadi hiyo ni wachache mno, na mwanafunzi kutoka Dodoma si mmoja wao.

Kisha kuna jina. Pasipoti zetu hubeba jina la mtu, la baba na la babu, mara nyingine na jina la ukoo lililosogezwa kwenye mstari wake. Karani wa benki huliandika anavyoliona: yote kwa herufi kubwa, na nafasi kati ya majina au bila nafasi. Karani wa duka la simu naye huliandika kwa mpangilio wake. Pochi ya simu inapounganishwa na benki hulinganisha majina matatu, la benki, la laini na la pasipoti, herufi kwa herufi. Nafasi moja ikizidi, jibu ni kwamba taarifa hazilingani. Haisemi kosa liko wapi. Ukifungua akaunti, omba karani akuonyeshe kwenye skrini jinsi alivyoliandika jina lako, upige picha ukiruhusiwa, kisha uende na picha hiyo kwenye duka la simu. Ukipata pasipoti mpya yenye namba mpya, mzunguko wote unaanza tena, dirisha kwa dirisha.

Mpangilio wa kuanza maisha nao una mantiki yake, na anayeuruka hurudishwa nyuma. Sheria inamtaka mgeni asiyekaa hotelini kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Karatasi ya makazi anayopewa ndiyo benki huiulizia mara nyingi. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na picha. Benki nayo hutaka namba ya simu ya China, barua ya chuo au ya mwajiri, na namba ya mlipakodi ya nyumbani, jambo linalowakuta wengi hawajabeba TIN wala PIN ya KRA.

Asiyekuja kukaa, yaani mfanyabiashara wa wiki mbili, ana njia fupi tangu Julai 2023, Alipay na WeChat zilipofungua mlango kwa kadi za Visa na Mastercard za nje. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakutozwa ada. Yaliyozidi yalitozwa asilimia 3, na hapo ukazuka ujanja wa kugawa bili ya mgahawa vipande viwili. Machi 2024 kikomo cha malipo ya mara moja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi 5,000, na cha mwaka kutoka dola 10,000 hadi 50,000. Njia hii ni ya kulipa maduka. Kumtumia fedha mtu binafsi kwa kawaida haiwezekani, hivyo dalali anayetaka alipwe kwenye pochi yake mwenyewe atakusumbua.

Kwa safari hiyo fupi, programu zipakuliwe na kadi iunganishwe kabla ya kupanda ndege, kwa sababu huduma za Google, pamoja na duka lake la programu, hazifunguki China. Na benki ya nyumbani, ikitaka kuthibitisha kadi, hutuma namba kwenye laini ya nyumbani. Laini hiyo ikiwa haijafunguliwa huduma ya nje ya nchi, ujumbe haufiki na kadi inabaki mapambo.

Noti hazijakufa. Benki kuu ilipiga marufuku mwaka 2018 wafanyabiashara kukataa fedha taslimu, na siku hizi benki hutoa vifurushi vya noti ndogo kwa wageni. Chukua kimoja kwa ajili ya teksi na maandazi.

Wanaoondoka moja kwa moja hukosea zaidi kwenye mpangilio. Salio la pochi lirudishwe benki kwanza, kadi itenganishwe na programu, akaunti ya benki ifungwe, na laini ndiyo iwe ya mwisho. Benki inapofunga akaunti hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyohiyo, na namba ya simu iliyofungwa haikai bure: baada ya muda hugawiwa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea ujumbe wa pochi yako. Lakini duka la simu ndilo lililo karibu na bweni, kwa hiyo wengi huanzia huko.