Orodha ya Maneno Haitoshi Kuthibitisha Undugu

Swali ni lilelile, liulizwe Kishushe, Wundanyi au Voi mjini: je, Kidawida, lugha ya Wataita wa Kenya, si Kiswahili kilichoharibika? Anayeuliza huja na ushahidi wake: meza, kitabu, saa, shati. Mwanaisimu akiisikia orodha hiyo hukosa subira, na ana haki.

Meza imetoka kwa Wareno, kitabu na saa kwa Waarabu, shati kwa Waingereza. Vitu vilifika na majina yake, na lugha yoyote ya jirani ingeyapokea. Isitoshe, tarakimu zinaipindua hoja nzima. Sita, saba na tisa za Kiswahili ni za Kiarabu. Mdawida anahesabu irandadu, mfungade, ikenda, kwa maneno ya Kibantu. Kiswahili nacho kilikuwa nayo: kenda ingali inajulikana, na ile ya saba imebaki katika fungate, siku saba za arusi. Basi inayoitwa lugha iliyoharibika ndiyo iliyotunza hesabu ya zamani.

Undugu wa lugha hutafutwa katika sauti zinazopokezana kwa utaratibu. Tatu ni idadu, fungate ni mfungade: penye t ya Kiswahili, Kidawida kina d. Kigiriama kina h, hivyo hahu na fungahe. Mbona basi tano ni isanu, si idanu? Kwa sababu neno hilo lilikuwa na sura mbili tangu Kibantu cha kale, na kila lugha ikarithi yake. Kanuni kama hizi zipo hata mbali: mwezi ni *sar* kwa Wamongolia wa Khalkha na *hara* kwa Waburyati, maji ni *us* na *uhan*. Lakini kuunganisha Kimongolia na Kituruki kumezua ubishi usiokwisha, kwani maneno mengi yanayofanana huenda yaliazimwa tu.

Ujirani pia hudanganya. Kitaveta kimo katika kaunti moja na Kidawida, lakini Malcolm Guthrie, aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, alikiweka katika kundi la G, jirani na Chasu cha Upare, huku Kidawida na Kisagalla akivipa namba E74. Namba zenyewe hufuata ramani kwa kiasi kikubwa. Asizichukue mtu kama nasaba. Na mwaka 1981 Christopher Ehret na Derek Nurse walionyesha maneno ya Kikushi yaliyoazimwa na lugha za vilima vya Taita.

Anayetaka kulinganisha aanze na maji, moto, jicho, damu, mfupa, kufa, kula. Asimtajie mzee neno la Kiswahili. Amwonyeshe kitu au amwombe sentensi nzima. Arekodi sauti, aandike umoja na wingi, na aulize watu kadhaa wa Kishushe, Sagalla na Kasigau, kila mmoja peke yake. Maneno ya dukani na shuleni ayaweke kando kwanza.