Mwani wa Bretagne na Kifo cha Dereva

Tarehe 22 Julai 2009, dereva mmoja wa lori, mwenye umri wa miaka 48, alikuwa akisomba mwani uliooza katika pwani ya Bretagne, kaskazini magharibi ya Ufaransa. Ilikuwa safari yake ya tatu siku ile. Hakuwa na kinyago wala chombo cha kupimia gesi. Huko Binic alianguka akafa. Ikasemekana ni ugonjwa wa moyo tu, na mambo yakanyamaza.

Ndugu msomaji, kwetu neno mwani halimtishi mtu. Kule Paje na Jambiani, Unguja, akina mama wanaulima na kuuuza. Mwani wa Bretagne ni wa namna nyingine. Ni majani membamba ya kijani, laini kama saladi, ambayo bahari huyatupa ufukoni kila majira ya joto kwa maelfu ya tani. Haukuletwa kutoka nje. Ni mwani wa pale pale uliozidi kiasi hata ukavamia ghuba nzima. Ukiachwa juani, tabaka la juu hukauka likawa jeupe kama ukoko wa wali. Chini yake mwani huoza bila kupata hewa na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Mfanyakazi akikanyaga hapo, au trekta likichota, ukoko hupasuka na gesi hufumka kwa ghafla. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikizidi, pua hufa ganzi na mtu hainusi tena, akadhani hatari imepita.

Wakuu hawawezi kusema kwamba hawakuonywa. Mwaka 1989 kijana mmoja aliyekuwa akikimbia kwa mazoezi alikutwa amekufa katika mwani wa Saint-Michel-en-Grève. Mwaka 1999, ufukoni hapo hapo, dereva wa trekta aliyekuwa akizoa mwani alianguka, akatetemeka kwa degedege na kupelekwa hospitali hana fahamu. Alipona. Dokta Pierre Philippe wa hospitali ya Lannion aliwaonya wakuu wa afya juu ya gesi hiyo, lakini kazi ya kuzoa iliendelea kama kawaida.

Kilichowaamsha ni farasi. Siku sita tu baada ya kifo cha dereva wetu, farasi alizama katika mwani wa Saint-Michel-en-Grève akafa, na aliyekuwa amempanda akazimia. Magazeti yakaandika. Wapimaji wa serikali wakaja na vyombo vyao, wakakuta mahali ambapo gesi ilifikia sehemu 1,000 katika milioni moja ya hewa, kiasi cha kumwua mtu kwa muda wa dakika chache. Mwezi Agosti Waziri Mkuu François Fillon akafika ufukoni mwenyewe. Ndipo watu walipoanza kuuliza habari za yule dereva. Yaani mfanyakazi alisubiri farasi afe kwanza!

Je, mwani wote huu unatoka wapi? Jibu liko bara, mashambani. Bretagne hufuga zaidi ya nusu ya nguruwe wote wa Ufaransa, pamoja na kuku na ng'ombe wengi mno. Samadi na mbolea za viwandani humwagwa mashambani, mvua huchukua naitreti mpaka mitoni, na mito huingia katika ghuba zenye maji machache yasiyokwenda mbali. Mwani hupata chakula chake humo. Wataalamu wa bahari, miongoni mwao Alain Ménesguen, wameonyesha kwa miaka mingi kuwa dawa ni kupunguza naitreti mitoni. Kituo cha utafiti wa mwani cha Pleubian huhesabu mwani huo kwa kuruka angani na ndege na kupiga picha za ufuko. Mwaka 2010 serikali ilianzisha mpango kwa ghuba nane. Naitreti imepungua kuliko miaka ya 1990, lakini bado haijashuka kiasi cha kuukosesha mwani chakula. Na wakulima nao hawapaswi kubebeshwa lawama peke yao. Wengi wamefungwa na madeni na bei zinazopangwa na wanunuzi wakubwa.

Familia ya dereva haikukubali maneno ya ugonjwa wa moyo. Ilishtaki na kuendelea kushtaki. Mwezi Juni 2018, miaka karibu tisa baada ya mazishi, mahakama ya Saint-Brieuc inayoshughulikia mambo ya bima ya jamii iliamua kwamba kifo kile kilikuwa ajali ya kazini. Mwezi Juni 2025, mahakama ya rufani ya Nantes iliamua kuwa serikali ilihusika na kifo cha mtu mwingine, aliyekuwa akikimbia mwaka 2016 katika mlango wa mto Gouessant, kwa sababu ilishindwa kuzisimamia sheria zake za kulinda maji dhidi ya naitreti. Katika mlango wa mto huo huo nguruwe mwitu 36 walikutwa wamekufa mwaka 2011.

Mwani bado unazolewa. Mwaka 2011 shirika la Anses, linaloishauri serikali juu ya afya, lilishauri uzolewe mapema kabla haujaoza, na kila mzoaji avae chombo cha kupimia gesi. Chombo hicho ni kidogo, hubanwa kifuani. Kikilia, mzoaji huacha kila kitu na kuondoka.